Mwanamuziki akiondoka, sikiliza hivi

Mimi huanza na majina ya watunzi, yale maandishi madogo nyuma ya jalada, kabla sijabonyeza chochote. Mwimbaji akiondoka kwenye bendi kila mtu hupiga kelele. Mtunzi akiondoka kimya kimya, nyimbo zenyewe hugeuka.

Chukua bendi ya Fleetwood Mac. Bob Welch, mpiga gitaa na mtunzi wao, aliondoka mwishoni mwa 1974, wakaingia watunzi wengine wawili, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks. Sikiliza albamu ya 1974 na ya 1975 mfululizo, kalamu mkononi, uhesabu nyimbo za kila mtunzi. Mick Fleetwood kwenye ngoma na John McVie kwenye besi ni walewale, basi fuata melodi, maneno, na sauti zinazoitikiana kwenye kiitikio. Hapo ndipo mabadiliko yalipo.

Kisha jaribu bendi ya AC/DC. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, akaja Brian Johnson, na albamu mpya ikatoka Julai. Ndugu wawili wapiga gitaa, Angus na Malcolm Young, walibaki, na gitaa zao hazikuyumba.

Angalia pia prodyuza, yule anayesimamia kurekodi. Niliwahi kumlaumu mpiga ngoma mgeni mwaka mzima. Kumbe aliyebadilishwa alikuwa prodyuza.