Umeme ukikatika Dar: jipange mapema nyumbani

Wadau, anzeni na maji, maana wengi tunasahau kwamba pampu nayo inakula umeme, kwa hiyo hakikisha simtank limejaa na ndoo mbili tatu za akiba zipo jikoni. Simu na pawabenki chaji kila jioni hata kama hujasikia tangazo la katizo. Taa za sola nunua mbili, moja ikae chumbani kwa watoto. Mishumaa mimi siitaki kabisa, mshumaa na chandarua ni hatari.

Sasa friji. Usifungue fungue! Ikibaki imefungwa inashika ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa inaweza kufika masaa 48, ikiwa nusu ni kama 24, kwa hiyo jaza chupa za maji zigande humo, zinasaidia sana. Samaki uliowanunua soko la Feri wakishakaa kwenye joto zaidi ya masaa 2 tupa tu, inauma lakini tupa.

Umeme ukikatika chomoa tivii na friji, ukirudi subiri dakika kadhaa ndo uchomeke, mimi uliwahi kurudi kwa nguvu ukaniunguzia tivii.

Na jamani jenereta iwe nje, mbali na madirisha, jiko la mkaa pia usiingize ndani ukafunga mlango, ile hewa ya sumu haina harufu na inaua watu wamelala.

Halafu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, cheki yuniti kabla hujalala, usije ukadhani mtaa mzima hauna umeme kumbe zako ndo zimeisha.