Unatoka Moshi unaenda Lalibela? Soma hapa kwanza

Kwanza ulizia hali ya usalama Amhara, jimbo la Ethiopia ulipo mji wa Lalibela, kabla hujalipia chochote, hapo usifanye haraka. Ukiona pametulia panda ndege KIA mpaka Addis Ababa, halafu unaunganisha ya ndani.

Makanisa yapo 11, yamechongwa kwenye mwamba mmoja mmoja kuanzia juu kwenda chini, hakuna tofali lililopangwa pale, na Bete Giyorgis lenye umbo la msalaba unaliona kwanza paa likiwa usawa wa miguu yako ndo unashuka. Aisee, usiikimbilie simu, simama kwanza uangalie.

Viatu vinavuliwa kila mlango kwahiyo vaa vya kuchomeka tu, na soksi nzito maana mazulia yana viroboto. Dada zangu bebeni kanga ya kujifunika kichwa. Tochi muhimu, kuna handaki giza totoro unapapasa ukuta. Picha omba ruhusa kwa padri, flashi zima, na nyuma ya pazia usichungulie kabisa, ni patakatifu pao.

Saa wanahesabu kama sisi, ukiambiwa ibada saa kumi na moja alfajiri ni hiyohiyo, wahi.