Striknini dhidi ya diazepamu: namna ya kupima refleksi za uti wa mgongo wa chura

Zoezi hili, la kupima refleksi (jibu la mwili lisilosubiri amri ya ubongo), ni la maabara ya fiziolojia yenye kibali cha kutumia wanyama. Striknini ishikwe na msimamizi peke yake. Ni sumu inayoua hata binadamu.

Hatua ya 1. Aliyefunzwa kazi hiyo aharibu ubongo wa chura, uti wa mgongo ubaki mzima. Mtundike kwenye stendi kwa taya ya chini. Mwanzoni atalegea kabisa. Subiri mpaka ukimfinya kidole aukunje mguu.

Hatua ya 2. Pata kipimo cha msingi kwa njia ya daktari Ludwig Türck, ileile aliyoitumia mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Sechenov jijini Paris mwaka 1862. Chovya vidole kwenye asidi ya salfuriki hafifu sana, bonyeza saa, simamisha mguu unapovutwa. Suuza papo hapo kwa maji, kwani asidi ikibaki huunguza ngozi na vipimo vinavyofuata haviaminiki tena. Kina cha kuchovya kiwe kilekile kila mara. Mpumzishe dakika chache, rudia mpaka namba zikaribiane.

Hatua ya 3. Striknini huingizwa kwenye mfuko wa limfu (nafasi yenye majimaji chini ya ngozi) wa mgongoni. Hapa usikodolee saa tu, mtazame chura. Kwanza muda wa kuvuta mguu hupungua, kisha jibu lenyewe hubadilika: badala ya kukunja mguu mmoja, mwili mzima hujinyoosha na kukakamaa, hata ukigusa meza tu. Wanafunzi wengi huandika kwamba striknini "inachochea" neva. Sivyo. Inaziba vipokezi vya glaisini, kemikali inayotuliza neva, ambavyo ni breki za uti wa mgongo. Breki zikikatika, taarifa husambaa kila upande, na misuli ya kunyoosha, yenye nguvu zaidi, hushinda.

Hatua ya 4. Mpe diazepamu, dawa ya kutuliza. Mkakamao ukipungua, usiseme imeiondoa striknini. Diazepamu huongeza nguvu ya GABA, kemikali nyingine inayotuliza neva, kwenye vipokezi vingine kabisa. Striknini bado imekaa palepale. Na kwa kuwa diazepamu haiyeyuki vizuri majini, chura mwingine apewe kiyeyushi (kimiminika kilichoyeyushia dawa) peke yake. Alkoholi, kwa mfano, hupunguza refleksi yenyewe, na bila chura huyo hutajua umepima nini.

Hatua ya 5. Chura aliyepewa striknini tu, mwenye mkakamao, pitisha sindano ndani ya uti wa mgongo na kuuharibu. Mkakamao ukikoma mara moja, umethibitisha kwamba chanzo hakikuwa kwenye misuli.