Kukinga chemchemi ya kitongoji: kuanzia mkutanoni mpaka kwenye kata ya mtungini

Ndugu zangu, habari za kazi. Wengi mmeniomba niandike hatua za kukinga chemchemi, na karibu wote mlitaka nianze na saruji. Nitaanza na watu, kwa sababu kwa watu ndiko tulikoshindwa mara ya kwanza.

Huku kwetu milima ya Upare, wilaya ya Same, chemchemi ya kwanza niliyoshiriki kuijenga iliharibika kabla ya masika ya pili. Ukuta ulikuwa imara. Ila fundi tuliyemleta aliweka bomba juu kuliko jicho la maji, yaani pale yanapotokea ardhini, ili ndoo zikae vizuri chini yake. Maji yakarudi nyuma, yakatafuta njia nyingine, yakatokea shambani kwa jirani. Bibi mmoja anayeteka hapo tangu usichana wake alijua kabisa kwamba chemchemi ile ikizibwa huhama. Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na michoro yetu.

Hatua ya 1: Shinda chemchemini siku nzima

Nenda saa kumi na moja alfajiri, ukae mpaka jioni, na uende na mama mmoja au wawili wa hapo hapo. Andika nani anakuja, anabeba chombo gani, anakiosha wapi. Ng'ombe wananywea upande gani? Watoto wanakanyaga wapi? Kisha pandeni mlima mita mia moja hivi na mhesabu vyoo, mazizi na mashamba yanayopuliziwa dawa. Choo kiwe umbali usiopungua mita 60 kutoka kwenye chanzo (sheria yake iko hatua ya 4), na kikiwa upande wa juu ongezeni tahadhari, kwa kuwa mvua hushusha kila kitu.

Rudini mkachore ramani chini, kwa kijiti na majivu, watu wote wakiona. Mtu akiona choo chake kimechorwa juu ya maji anayokunywa mwanawe, hahitaji hotuba.

Hatua ya 2: Pima maji wakati wa kiangazi

Usipime masika. Huku kwetu tunapima mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, maana ndipo chemchemi inaposema ukweli. Ziba kwa udongo, pitisha maji kwenye kipande cha bomba, weka dumu la lita 20, shika saa. Rudia mara tano, uchukue wastani.

Tuseme dumu linajaa kwa sekunde 40. Hizo ni lita 30 kwa dakika, lita 1,800 kwa saa, lita 43,200 kwa siku nzima. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ya Tanzania ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Watu 250 wanahitaji lita 6,250, kwa hiyo kwa hesabu maji yamezidi. Lakini watu hawaji saa nane usiku. Wanakuja alfajiri kwa wingi, na ndani ya saa mbili hizo chemchemi inajaza madumu 180 tu. Ndiyo foleni, ndiyo ugomvi, ndiyo mtoto anayechelewa shule.

Hapa wazee wetu walitutangulia. Ndiva zetu za Upare, mabwawa madogo ya maji ya kumwagilia, zilijengwa kwa wazo hilo hilo: kulaza maji usiku ili asubuhi yatoshe mfereji. Tangi dogo chini ya chemchemi hufanya kazi ya ndiva. Kwa mfano wetu, muda wa saa nane za usiku unaweka akiba ya lita 14,400.

Hatua ya 3: Mkutano, na kabla ya mkutano

Usipeleke jambo hili mkutanoni likiwa bichi. Mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji, afisa mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wazee wa ukoo wenye asili ya pale. Chemchemi nyingi zina heshima yake: mti usiokatwa, siku isiyofuliwa nguo. Miiko hiyo imelinda maji kuliko mabango yetu. Waombe wazee waieleze wenyewe, iingizwe kwenye taratibu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, basi hakikisha mmo kwenye ajenda. Omba mambo matatu tu: ruhusa ya kulinda eneo, siku za msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea), na kamati. Kamati ya watu saba inatosha, wanne wawe wanawake, na mweka hazina awe mtu anayeteka pale pale. Wakiwekwa watu wa heshima wenye bomba uani, mtajuta.

Wenye umri wangu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakainuka kwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi wiki hiyo hiyo. Nguvu yake ilikuwa pale kwenye kuinuka. Mkutano wenu nao usifungwe bila tarehe ya msaragambo wa kwanza.

Hatua ya 4: Vibali

Fikeni ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), na muulize bodi ya maji ya bonde lenu (kwetu ni Bonde la Pangani) kabla ya kuchimba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Ombeni maji yapimwe maabara sasa, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Hatua ya 5: Ujenzi

Chimbeni taratibu kuyafuata maji nyuma, mpaka mwone yanapotoka kwenye mwamba au kwenye udongo mgumu. Hapo ndipo jicho. Simameni. Mkitoboa tabaka gumu lililo chini yake, maji yanaweza kuzama moja kwa moja.

Jengeni ukuta wa mawe na saruji mbele ya jicho. Bomba la kutokea likae chini ya usawa wa jicho, na juu kidogo wekeni bomba la pili la kupunguzia maji yakizidi, nalo pia lisipite usawa wa jicho. Nalirudia hili kwa sababu ndilo lililotuumiza. Ikiwa ndoo haitoshei chini ya bomba, chimbeni sakafu ishuke. Kamwe msipandishe bomba. Kutoka bomba mpaka sakafu acheni nafasi ya kutosha dumu kusimama wima, na sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji machafu mbali, kwenye migomba au bustani.

Nyuma ya ukuta jazeni mawe safi yaliyooshwa, kisha kokoto. Juu yake shindilieni udongo wa mfinyanzi, halafu udongo wa kawaida na nyasi. Mita kama kumi juu ya chemchemi chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, uzunguke na kuyamwaga pembeni. Wekeni uzio. Ng'ombe wajengewe hori lao chini kabisa, maana mkiwafukuza bila kuwapa pa kunywa, wachungaji watavunja uzio usiku.

Zege limwagiwe maji kwa siku saba. Msiruhusu watu kuteka kabla, hata wakilalamika.

Hatua ya 6: Nyumbani

Hapa ndipo wengi mnapoishia, mkipiga picha ya bomba. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walifuatilia chemchemi zilizokingwa kwa namna hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa takriban theluthi mbili. Majumbani, kwenye maji yale yale, ulipungua kwa takriban robo tu. Nilipoyasoma matokeo hayo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Jasho lote lile la msaragambo, na maji yanachafuka kati ya bomba na kikombe.

Kwa hiyo kila nyumba itembelewe, kwa adabu, na mhudumu wa afya akiwa na mjumbe wa kamati aliye mwanamke. Angalieni vitu vichache. Dumu la kutekea lioshwe ndani kwa mchanga na sabuni, na majani ya kuzuia maji yasirukie njiani yaachwe, kitumike kifuniko. Mtungi uwe na mfuniko. Kata iwe na mpini mrefu, itundikwe ukutani, na isiwe ndiyo ya kunywea. Afadhali zaidi ndoo yenye koki.

Kuchemsha: maji yakitokota kwa nguvu dakika moja inatosha, na sisi wa milimani tunaacha tatu. Kuyaacha nusu saa ni kumchosha mama anayetafuta kuni. Dawa ya klorini ifuate maelezo ya kifungashio, na msubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Pasipo kuni wala dawa, chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, yenye maji yasiyo na tope, ianikwe juani kwa muda wa saa 6. Siku za mawingu ianikwe siku mbili mfululizo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Rungwe: Shikamoo mzee. Chemchemi yetu iko ndani ya shamba la mtu, na anasema tukitaka tumlipe. Tufanyeje?

Marahaba. Msianze kwa kumtisha na sheria, ingawa mita 60 zinawahusu. Mtu huyo anapoteza njia, migomba, pengine mboga za watoto wake. Sisi tulikubaliana hivi: maji ya ziada yote yaingie kwenye bustani yake, familia yake isichangie ada, na msaragambo mmoja ukamchimbie matuta sehemu nyingine ya shamba. Yote yaliandikwa, yakasainiwa mbele ya mtendaji, na wanawe wakubwa wakatia saini pia. La wanawe msilisahau. Baba akiondoka duniani, mgogoro hufufuka.

Mwanachama wa Vihiga, Kenya: Chemchemi yetu ilijengwa miaka minne iliyopita na bado watoto wanaharisha. Je, ujenzi ulikuwa mbaya?

Huenda, lakini pimeni mahali pawili kabla ya kubomoa: maji ya bombani, na maji ya mtungini katika nyumba tano. Bomba likiwa safi na mtungi mchafu, rudini hatua ya 6. Bomba likiwa chafu, angalieni mtaro wa juu. Mara nyingi umejaa udongo na hakuna aliyeuzibua tangu siku ya uzinduzi. Na wakati mnatafuta, mtoto anayeharisha apewe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) mara moja. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Apelekwe kituoni apate na zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, msingoje kesho.

Mwanachama wa Kasulu: Watu walichangia miezi miwili, wakaacha. Mweka hazina ni mwaminifu kabisa.

Naamini ni mwaminifu, lakini je, wanaona? Bandikeni mapato na matumizi pale pale chemchemini, kila mwezi, hata kama ni mstari mmoja. Pia angalieni msimu. Kwetu fedha huja tangawizi inapouzwa, hivyo tuliacha ada ya kila mwezi tukachukua mara moja wakati wa mauzo. Mjane na mgonjwa tuliwaondoa kwenye orodha mkutanoni, kwa majina, ili asije mtu kuwanyima maji. Mkitaka faini za uchafuzi ziwe na nguvu, sheria ndogo ya kijiji lazima ipitie kata na ithibitishwe na halmashauri ya wilaya. Bila hapo mnabaki na maombi.

Mwanachama wa Muleba: Mikaratusi iko juu ya chemchemi yetu. Tuikate yote?

Ivuneni kwa awamu, na kila mnapokata mpande mara moja. Mlima ukibaki mtupu masika moja tu, mtaro wenu utafukiwa. Sisi tulipanda mikuyu na miringaringa.

Mwanachama wa Meru: Maji yetu ni meupe kabisa na tunachemsha kila siku, ila meno ya watoto yana madoa ya kahawia.

Mama, hiyo inaelekea kuwa floridi, aina ya madini inayopatikana kwenye maji ya maeneo mengi ya kaskazini yenye asili ya volkano. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa kuwa maji hupungua sufuriani, floridi huzidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli maabara ya maji ukaombe kipimo cha floridi kwa jina, kwa sababu kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha. Kikizidi, msijenge hapo kwa ajili ya maji ya kunywa. Tumieni chemchemi hiyo kufulia na kunyweshea miti, na maji ya mvua ya bati yahifadhiwe kwa kunywa na kupikia, yakianza na yale ya watoto wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado hayajaota.