Kusomesha kambi ya likizo ya wanafunzi wa vipawa: kuanzia maombi hadi ripoti ya mwisho

Kambi si jambo geni Unguja na Pemba, lakini nyingi ni kambi za mtihani: watoto wanakusanywa dakhalia kabla ya mtihani wa taifa na wanakesha na karatasi za miaka iliyopita. Kambi ya vipawa ni kazi nyengine. Mtoto anayeletwa huku alama anazo tayari, na kinachomkosesha raha skulini ni kwamba anamaliza zoezi dakika kumi mwanzo, kisha anakaa anachora pembeni mwa daftari. Mwalimu anayeomba nafasi kwa kujisifu kuwa darasa lake lote limefaulu ameandika barua nzuri, ila ya kambi isiyokuwa hii.

Wasimamizi wa kambi hizi wanatafuta kitu kimoja: kozi. Wanataka kuona una swali gani la kuwashughulisha watoto 16 wenye akili nyepesi kwa siku kumi bila ya kuwakimbiza kwenye silabasi ya mwaka unaofuata. Hilo ukiliweza, mengine yote ni karatasi.

Hatua ya 1: Ijue kambi kabla ya kuiandikia

Piga simu au nenda mwenyewe. Uliza wanafunzi wamechaguliwaje (matokeo ya mtihani, jina kutoka kwa mwalimu mkuu, au jaribio maalumu), wana umri gani, darasa moja lina wangapi, na kama mwalimu analala dakhalia na kushika zamu ya usiku. Zamu ndiyo inayowashinda wengi. Kusomesha kwa muda wa saa nne mchana na kukaa macho hadi saa 5 usiku si kazi ya siku mbili tatu.

Halafu uliza fedha, wala usione haya. Je, ni malipo ya kambi nzima au posho ya siku? Yanatolewa lini? Nauli ya boti kwa anayetoka Pemba kuja Unguja, au kinyume chake, iko juu ya nani? Nani analipia karatasi? Fanya hesabu: wanafunzi 16, karatasi mbili kwa siku, siku kumi, ni karatasi 320, yaani zaidi ya nusu ya rimu ya 500. Si nyingi, lakini kutoa kopi kwa mtu wa dukani, karatasi moja moja, kunaitafuna posho yako kimya kimya. Majibu yote yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 2: Andika mpango wa kozi mwanzo, barua baadaye

Mpango uwe ukurasa mmoja. Uwe na swali kuu, anachotakiwa mtoto kukijua kabla hajaingia, kazi ya kila siku kwa mstari mmoja mmoja, kazi ya mwisho, na vifaa pamoja na idadi yake. Kosa linalojirudia ni kuandika mada badala ya swali. "Mwendo na nguvu" ni mada; imo kitabuni na mtoto ameshaiona. Swali ni kama hili:

*Mwezi unapita juu yetu mara moja kwa siku. Kwa nini maji yanajaa mara mbili?*

Mtoto wa Nungwi au Mkoani anajua maji kujaa na kupwa tangu hajaanza skuli. Darasani ameambiwa "ni mvuto wa mwezi", akaandika, akapata vema. Sasa jibu lile lile alilokariri linamkwamisha, kwa sababu mvuto peke yake ungetuletea jaa moja. Atalazimika kufika kwenye jambo lenyewe: mwezi unavuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko kati, na kati kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na hapo ndipo panapopatikana mavimbe mawili. Kufika hapo kunachukua siku nne au tano za kupima, kuchora na kubishana. Kozi ndiyo hiyo.

Kwa kozi ya bahari, tarehe ni sehemu ya mpango. Tumia kalenda ya Kiislamu. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa wingi kabisa, huja siku moja hadi mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huja kama wiki moja baadaye. Kambi ikianza mwezi 1 au 2 (yaani siku ya mwezi wa Kiislamu), au mwezi 15 au 16, watoto watapima bamvua siku ya pili na maji mafu siku ya nane au ya tisa. Ikianza mwezi 7, siku mbili za kwanza watapima maji yasiyosogea sana na kozi itaanza imelala. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi, wakati ule ule wakulima wa mwani wanapokuwa mashambani mwao, kwa hiyo kipimo kinaingia ndani ya saa za darasa. Wiki moja baadaye, saa ile ile 4, mtoto anakuta maji yamejaa. Mwacheni ashangae, msimwambie kabla.

Vifaa: kamba ya mita 8 iliyotiwa alama kila sentimita 10, jiwe la kufungia mwisho wake, saa moja, madaftari manne, chaki au rangi ya kuweka alama mahali pa kupimia. Kipimo kinachukuliwa kutoka juu ya gati hadi usoni mwa maji, kila nusu saa, kuanzia saa 2:30 hadi saa 6, ambavyo ni vipimo vinane. Mawimbi yanaharibu namba, basi kila safari wasome mara tano na wachukue wastani. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita 4 siku za bamvua na kushuka hadi karibu mita 1 siku za maji mafu, kwa hiyo kamba fupi haitoshi. Chagueni gati ambayo chini yake pana maji hata wakati wa kupwa. Kwenye fukwe nyingi za mashariki maji yanakimbia hadi mwambani, na kamba itaishia kupima mchanga. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne, na asikosekane anayejua kuogelea.

Somo lako likiwa lugha, historia au hisabati, kipimo cha swali ni kile kile: mtoto aweze kulianza siku ya kwanza kwa anachokijua, na siku ya tano bado awe hajalimaliza.

Hatua ya 3: Bahasha

Barua ya ukurasa mmoja, wasifu usiozidi kurasa mbili, vyeti, kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari, na majina ya watu wawili wanaoijua kazi yako ya darasani. Andaa pia barua ya sheha au uthibitisho wa tabia njema, maana kambi yoyote inayolaza watoto inapaswa kuuliza, na isiyouliza nayo ni ya kutiliwa shaka. Mpango wa kozi uwe juu ya yote, si chini ya vyeti.

Kwa anayetazama mbali zaidi: nyingi ya programu za nje zinafuata njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ambako kituo chake cha vijana wenye vipawa, CTY (Center for Talented Youth), kilianzishwa mwaka 1979. Kozi zao za kiangazi za wanafunzi wanaolala huko huenda kwa wiki tatu, somo moja tu, mwalimu na msaidizi wake ndani ya darasa moja. Angalia mwanzo kama mwajiri anasaidia kupata viza, kwa sababu wengi wanachukua tu walio na ruhusa ya kufanya kazi nchini humo. Na yeyote anayekutaka utume fedha ili "upangiwe nafasi" ni tapeli.

Hatua ya 4: Somo la majaribio

Kwa kawaida hupewi zaidi ya dakika 20. Walimu wazuri wanaanguka hapa kwa sababu wanazungumza dakika 15, kisha wanauliza "mumefahamu?", darasa linajibu "ndiyo", kwisha. Jopo halikuja kusikiliza ufasaha wako; limekuja kuona utafanya nini mtoto akijibu kitu usichokitarajia.

Mchezo mmoja wa hisabati unafaa sana. Chukua kete 16 za bao, au wasimamishe watu duara kama nafasi ipo. Wa kwanza anabaki, wa pili anatoka, wa tatu anabaki, wa nne anatoka, mnazunguka hivyo hivyo mpaka abakie mmoja. Ukitaka ubakie wewe, usimame nafasi ya ngapi?

Anza na watu watano: anabaki wa 3. Sita: wa 5. Saba: wa 7. Sasa uliza wanane itakuwaje kabla ya kujaribu. Karibu kila darasa kuna atakayesema "wa tisa", halafu mwenyewe acheke, kwa sababu nafasi ya tisa haipo. Nyamaza. Hesabu sekunde kumi moyoni ikibidi. Waache wacheze, waone kwamba anabaki wa 1, na wenyewe waulize kwa nini imerudi mwanzo. Wanane wakizunguka mara moja wanatoka wanne, zamu inarudi kwa wa kwanza na waliobaki ni wanne, kisha wawili, kisha mmoja. Kwa hiyo 2, 4, 8 na 16 zote zinamwachia wa kwanza. Kuanzia hapo watoto wataipata kanuni bila ya wewe kuiandika: toa kutoka idadi ya watu namba kubwa kabisa ya aina hiyo isiyoizidi, zidisha mara mbili, ongeza moja. Kwa watu 13: 13 kutoa 8 ni 5, mara mbili ni 10, jibu ni 11.

Aliyemaliza mapema usimpe mazoezi kumi ya aina ile ile. Hiyo ni adhabu ya kuwa hodari. Mpe 13 kwa msingi wa mbili, 1101, ahamishe tarakimu ya mbele aipeleke nyuma ipatikane 1011, asome ni ngapi, kisha aeleze sababu. Akiliweza hilo pia, atolewe kila wa tatu badala ya kila wa pili. Hapo hakuna njia fupi kama ile, na dakika zako 20 zitakwisha yeye bado ameinamia kete. Akikuuliza usilolijua, sema hulijui na umuulize angeanzia wapi kulitafuta. Jopo linaandika alama hapo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Wape jaribio la dakika 30, maswali sita, mawili kati ya hayo yawe ya madarasa mawili au matatu juu yao. Sababu ni ya kipimo. Mtihani wa darasa lao wote watapata 95 na kuendelea, na hutajua nani ni nani. Ndivyo mwanasaikolojia Julian Stanley wa Johns Hopkins alivyofanya mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipowapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, uliotungwa kwa ajili ya vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu: waliofanana kwenye mitihani ya darasa lao wakaonekana wametofautiana sana. Maswali yaandike kwa Kiswahili na Kiingereza, bega kwa bega. Mtoto mkali wa hesabu akinyamazishwa na lugha, umepima lugha.

Wasitangaziwe alama. Wengi wao wamezoea kuwa wa kwanza, na siku hii ndiyo mara yao ya mwanzo kukaa na wenzao. Kuna atakayenyamaza kabisa, kuna atakayejitia kuumwa kichwa kila kipindi cha hesabu. Mpe kazi ambayo jibu lake halina haraka, kama kutunza daftari la vipimo, na mwache arudi mwenyewe.

Hatua ya 6: Ratiba na dakhalia

Saa 2 hadi 4 darasa, nusu saa ya chai, saa 4:30 hadi 6:30, kisha adhuhuri, chakula na kupumzika. Siku ya bahari vipindi vyote viwili vihamie gatini, na chai iende huko huko. Baada ya alasiri iwe michezo, si darasa. Akili iliyochoka haifikiri, inakariri. Usiku baada ya isha, muda wa saa moja unatosha kwa kazi binafsi. Ijumaa malizeni saa 5. Karatasi zote zichapishwe kabla ya kambi kuanza, kwani umeme ukikatika usiku, asubuhi huna somo.

Usikae peke yako na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Chumba cha wasichana anaingia mlezi wa kike tu. Likitokea lolote, hata ugomvi wa ndoo, liandike siku hiyo hiyo kwa saa na majina, mkabidhi msimamizi.

Hatua ya 7: Ripoti

Wazee wanatarajia nafasi: mtoto wangu amekuwa wa ngapi? Usiwape. Waandikie nusu ukurasa kwa kila mtoto: swali alilolishikilia, alivyolikabili, alipokwama, na kitu kimoja cha kuendelea nacho nyumbani. Ripoti 16 haziandikiki usiku wa mwisho bila ya kufanana, na wazee wa mtaa mmoja husomeana. Kila siku andika mistari miwili juu ya watoto wanne. Siku ya nane kila mmoja atakuwa na mistari minne ya kuanzia. Nakala moja ya ripoti na mpango wako uliosahihishwa, pamoja na siku zilizobadilika na sababu zake, mpe msimamizi kabla hujapanda gari. Likizo ijayo ataanza kupanga walimu kwa mafaili aliyonayo mezani.