RAM ikishuka bei, usijaze rafu

Fundi mwenzangu wa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na SSD (diski ya kuhifadhia data) zikianza kushuka bei, usibebe katoni ukidhani umeokota. Nunua za oda za wiki hii tu. Chipu za RAM duniani hutengenezwa hasa na kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Bei ikipanda, zote hupanua viwanda. Kiwanda huchukua miaka, na kikikamilika wateja wameshatosheka, mzigo unamwagika sokoni na bei inazidi kushuka. Ndivyo ilivyokuwa 2022 hadi 2023. Dalili ninayoiamini mimi ni kampuni zenyewe kutangaza kupunguza uzalishaji, kama Samsung Aprili 2023. Hapo sasa toa akiba yako ununue mzigo, ingawa bei itakawia kidogo kupanda. Na rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza mkondo wa umeme? Hizo ni shilingi chache, jaza tu rafu.