Kisanduku 7b: kurekebisha makazi katika rekodi za jeshi la Marekani ukiwa Nairobi

Mama yangu ndiye aliyenishtua. Nilikuwa nimemwaga makaratasi yangu yote ya jeshi juu ya meza ya sebuleni, Githurai 45, natafuta cheti kingine kabisa. Akaichukua DD 214 yangu, ile hati unayopewa unapotoka jeshini, akavaa miwani, akasoma kwa kidole. "Wewe si ulikuwa Lowell? Hii Irving, Texas, ulihamia lini?"

Sikuhamia. Mwaka 2010 nilikuwa nimekodi chumba Lowell, Massachusetts, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nilikwenda Texas kwa arusi ya binamu yangu, nikakaa wiki kadhaa, na huko ndiko nilikokutana na afisa wa kuandikisha wanajeshi. Kijana mcheshi, mwenye haraka. Aliuliza ninaishi wapi, nikampa anwani ya binamu kwa sababu ndiko nilikokuwa nikilala usiku huo. Akaiandika mara mbili: kama anwani ya sasa, na kama makazi ya kumbukumbu. Nikatia sahihi. Miaka minne baadaye, natoka Fort Campbell, hesabu ya nauli ya kunirudisha nyumbani ikaelekezwa Texas. Niliona. Nikanyamaza, maana nilitaka kutoka tu.

Nimeandika haya kwa Wakenya wenzangu waliovaa sare ya Marekani, wakarudi, na sasa wanaona kwenye hati yao mji ambao si wao. Tuko wengi kuliko watu wanavyodhani. Mimi nilikuwa Jeshi la Nchi Kavu, kwa hiyo nalijua la huko zaidi.

Kwanza elewa kile unachotaka kubadilisha, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. DD 214 ina anwani za aina mbalimbali, na kila moja ina maana yake. Kisanduku 7a ni mahali ulipoingilia jeshini. Langu linasema Dallas, na hilo ni kweli, sikuligusa. Kisanduku 7b ni yale makazi ya kumbukumbu, ambayo fomu inayaita home of record: mahali ulipokuwa ukiishi ulipoandikishwa. Kisanduku 19a ni anwani ya posta uliyotoa siku ya kutoka. Halafu kuna jimbo la makazi ya kisheria, linalohusu kodi. Hilo halimo katika visanduku hivyo. Wakati wa utumishi lilikuwa likibadilishwa kwa fomu DD 2058.

Kuna rafiki yangu wa Kahawa Wendani aliyetaka 19a isomeke Nairobi kwa kuwa sasa anaishi Nairobi. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ni picha ya siku ile. Ulipotoka ulikuwa Tacoma, basi itabaki Tacoma. Ukitaka barua zikufikie leo, badilisha anwani kwenye akaunti yako ya Idara ya Maveterani, na kama unalipwa pensheni ya jeshi, kwenye ofisi inayolipa. Ni kazi ya dakika chache. 7b nayo haibadilishwi kwa sababu umehama au umelipenda jimbo jingine. Hurekebishwa ikiwa ilikuwa makosa tangu mwanzo.

Sasa, una haja nayo kweli? Mimi nilikuwa na sababu moja ya fedha na moja ya moyo. Ya fedha: Massachusetts huwapa askari wa zamani bonasi, dola 1,000 kwa waliotumwa Iraq au Afghanistan baada ya Septemba 11, ila lazima uwe ulikuwa mkazi wa jimbo kwa miezi 6 mfululizo kabla ya kuingia jeshini. Mimi nilikuwa Kandahar mwaka 2012. Dola 1,000 ni zaidi ya shilingi laki moja, si za kuacha barabarani. Lakini nakushauri jambo ambalo mimi sikulifanya: kabla ya kushika fomu yoyote, iandikie ofisi inayotoa hicho unachokitaka uulize kama wanapokea ushahidi mwingine wa makazi. Ikiwa jibu ni ndiyo, huenda usihitaji kuigusa rekodi kabisa. Mimi nilikurupuka, nikaanza na jeshi.

Wengine waliniambia niiache Texas ilivyo kwa sababu ya Hazlewood, ile sheria ya Texas inayosamehe karo hadi saa 150 za masomo (credit hours, hesabu ya kozi chuoni) katika vyuo vya umma vya huko. Ni nzuri, lakini inataka uwe unaishi Texas unapoitumia. Mimi naishi Githurai. Na hapa ndipo ilipo ile sababu ya moyo: hata kama ingelipa zaidi, ungeweka sahihi yako chini ya maneno usiyoyaamini? Kuisemea uongo serikali yao kwa maandishi ni kosa la jinai, na umbali wa Nairobi haukufichi.

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kuomba faili. Rekodi huombwa kutoka kituo cha kitaifa cha rekodi za watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180 au kupitia intaneti. Kwa mwenyewe ni bure. Usiombe DD 214 peke yake, unayo tayari. Omba DD 4, ambayo ndiyo mkataba wa kuandikishwa, na DD 1966, ile fomu ndefu ya maombi uliyojaziwa na afisa. Zote mbili zina nafasi ya makazi ya kumbukumbu. Bila hizo unapigana gizani.

Faili likija, weka DD 4 kando ya DD 214, uzisome pamoja. Kama DD 4 inasema Lowell na DD 214 inasema Irving, karani alikosea kunakili. Hiyo ni kesi nyepesi: unaandikia kitengo cha utumishi cha jeshi lako, kwa Jeshi la Nchi Kavu ni kile cha Fort Knox, Kentucky, ukiambatisha DD 4, na wao wanaweza kutoa DD 215, karatasi ya masahihisho. Kama DD 4 yenyewe ndiyo iliyokosea, kama yangu, karani wa mwisho alinakili sawasawa kile alichokikuta. Hapo unakwenda kwenye bodi ya kusahihisha rekodi za kijeshi, kwa fomu DD 149. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi yake. Jeshi la Majini na Marines wana moja kwa pamoja, Jeshi la Anga lina yake, na Walinzi wa Pwani wana yao chini ya wizara ya usalama wa ndani.

Bodi haikuamini kwa sababu wewe ni mtu mzuri. Huanza kwa kudhani kwamba rekodi iko sahihi, na mzigo wa kuonyesha kosa ni wako. Kwangu kilichokuwa kibaya zaidi ni sahihi yangu mwenyewe chini ya neno Irving. Kwa hiyo ushahidi ndio kila kitu, tena ushahidi wa wakati ule, si wa leo.

Nilifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha mama. Nilipata W-2 mbili, ya 2009 na ya 2010, zile karatasi za mshahara za mwisho wa mwaka. Ukiziangalia vizuri utaona anwani yako, na kisanduku 15 kinataja jimbo ambalo mshahara uliripotiwa. Massachusetts, zote mbili. Nilipata mkataba wa chumba, ukiwa na doa la chai juu ya tarehe (tarehe ilisomeka, nashukuru Mungu). Nilipata leseni ya udereva ya Massachusetts iliyokwisha muda, na taarifa za benki za miezi minne. Kama huna W-2, usitegemee kwamba mamlaka ya kodi ya Marekani itakupa za zamani: rekodi za mapato wanazokutolea hurudi nyuma miaka 10 hivi. Njia nyingine ni kuwaomba Hifadhi ya Jamii (Social Security) orodha ya mapato yenye majina na anwani za waajiri wako, kwa fomu SSA-7050. Inalipiwa, lakini mwajiri wa Lowell aliyekukata kodi mwaka ule wa safari ya Texas ni shahidi asiyesahau.

Shahidi wangu bora alikuwa binamu mwenyewe. Nani anajua kuliko mwenye nyumba kwamba wewe ulikuwa mgeni? Aliandika ukurasa mmoja: nilifika tarehe fulani kwa arusi, nililala kwenye kochi, sikulipa kodi ya nyumba, sikupokea barua pale, mizigo yangu ilibaki Lowell. Lile neno la kochi nililitaka litolewe, nikaona aibu. Shemeji yangu, ambaye ni karani kwa wakili mmoja mjini, akakataa katakata. "Hilo ndilo litakaloaminika."

Kuhusu viapo, usikimbilie kulipa. Ubalozi wa Marekani pale Gigiri hutoa huduma ya kuthibitisha sahihi kwa dola 50 kwa kila muhuri, na mawakili wa mjini wenye mamlaka ya kuapisha wapo kila ghorofa. Lakini sheria ya Marekani, sura ya 28, kifungu cha 1746, inaruhusu tamko lisiloapwa mbele ya mtu, mradi uandike kwamba unatangaza chini ya adhabu ya kusema uongo na kwa sheria za Marekani kwamba maneno yako ni kweli, utie tarehe na sahihi. Ukiwa nje ya Marekani lazima utaje hizo sheria za Marekani; ukiwa ndani, kuna maneno mafupi zaidi. Nakili maneno ya kifungu kama yalivyo, kwa Kiingereza chake.

Sasa DD 149. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za malalamiko: yule afisa, haraka yake, ujana wangu, ugeni wangu. Shemeji alisoma nusu ukurasa, akairudisha mezani. Akaniuliza, unataka nini? Nikasema, 7b isome Lowell, Massachusetts. "Basi andika hivyo." Tukaandika ombi kwa sentensi moja, kisha aya tatu: niliishi wapi na tangu lini, kosa liliingiaje, ushahidi upi unaonyesha nini. Kila kiambatisho tukakipa namba na kukitaja kwa namba yake. Hilo la namba lifanye hata kama huna subira. Watu wanaoamua ni raia watatu wanaosoma mafaili mengi, usiwafanye watafute.

Kuna kikomo cha miaka 3, kinachohesabiwa tangu ulipogundua kosa. Bodi inaweza kukisamehe ikiona ni kwa maslahi ya haki, lakini lazima uombe na ueleze. Hapa nilishawishika. Ningeweza kuandika 2021, mwaka ambao mama aliuliza. Lakini niliiona ile nauli mwaka 2014, nami ninaijua. Niliandika 2014, nikaeleza kwamba sikujua wakati ule kuwa kosa hilo lina athari yoyote, wala kwamba kuna bodi ya kuliangalia. Nilikuwa nimechelewa miaka 5 na sikujificha.

Kutuma ni bure na unaweza kufanya kwa intaneti. Onyo langu hapa ni la Nairobi hasa. DD 214 ina namba yako ya Hifadhi ya Jamii. Ukiipeleka kwenye saiba ya Tom Mboya kuskani, ile nakala inabaki kwenye kompyuta yao, pamoja na wasifu wa kazi wa watu mia moja. Mimi niliskani kwa simu, nyumbani, karibu na dirisha. Ukilazimika kwenda saiba, simama pale hadi faili lifutwe, na likishafutwa muulize kijana afungue pipa la takataka la kompyuta nalo alimwage. Atakuona msumbufu. Sawa tu. Na ukituma kwa Posta, tuma nakala. Hati halisi haziondoki nyumbani kwako.

Mtu akikuambia ana njia ya mkato kwa elfu ishirini, mshukuru, uende zako. American Legion na DAV, vyama vya askari wa zamani wa Marekani, wana watu wanaosaidia askari wa zamani kuandaa maombi haya bila malipo.

Halafu unangoja. Sheria inazipa bodi miezi 18 kumaliza ombi. Nilituma Machi 2022 na jibu likaja katikati ya mwaka uliofuata, jioni, nikiwa kwenye matatu, foleni ya Roysambu. Walikubali.

Usitarajie DD 214 mpya inayong'aa. Kilichokuja ni DD 215, karatasi moja inayosema futa hiki, weka hiki, na ile ya zamani inabaki na Irving yake. Tangu siku hiyo mbili hizo husafiri pamoja. Nimezipiga nakala sita, kila DD 214 ikiwa imebanwa na DD 215 yake kwa pini, na moja iko ndani ya Biblia ya mama, kwa amri yake.